Sarafu Iliyokuwa Kwenye Koti la Marehemu

Dobi wa mtaa wetu tulimwita Pasi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyochubuka kwa sabuni. Ukimpelekea shati lenye doa la wino Jumatatu, Alhamisi ulikuwa na hakika ya kulikuta limetundikwa, jeupe pee. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu: mbele kaunta, ambako mkewe alipokea nguo na kuandika namba, katikati mabomba mawili ya kutundikia nguo zilizonyooshwa, nyuma mashine za kufulia na meza ya pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu.

Kabla nguo haijagusa maji, Pasi aliikagua mifuko yake yote. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Alichokikuta, iwe kalamu, tiketi ya basi, ufunguo, au barua ambayo mke wa mtu hakutakiwa kuiona, alikitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika namba ya nguo, akaibana kwa pini kwenye kola. Kwa miaka kumi na sita hakuna mteja aliyelalamika.

Sarafu zilimwingia kupitia mifuko hiyohiyo. Siku moja alikuta moja ya zamani, ya aina iliyokwisha kutolewa kwenye matumizi, na mwenye suruali akamwambia, "Kaa nayo tu, hata chumvi hainunui." Pasi akaiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaitazama chini ya taa, akavutiwa nayo. Tangu hapo, akikuta sarafu ya zamani mfukoni, aliichukua na kuweka mpya yenye thamani ileile kwenye bahasha. Alijiambia kwamba hakuna aliyepungukiwa. Katika miaka hiyo ya mwanzo ukusanyaji wake haukumgharimu kitu, na pengine ndiyo sababu hakuwahi kukaa chini akajiuliza kama ni halali.

Baadaye alijiunga na chama cha wakusanyaji wenzake. Walikuwa wanaume saba na mwanamke mmoja waliokutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi, na mwenyekiti wao alikuwa mpima ardhi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mpima. Huko Pasi alijifunza kutumia lenzi na kushika sarafu kwa ukingo. Alijifunza pia kutoa pesa, lakini kidogo kidogo. Mkewe alimcheka. "Kwa viatu vyako una mkono wa birika," alimwambia, "lakini chuma chakavu unakinunua huku unatabasamu."

Basi ikawa hivyo mpaka lilipokuja koti la marehemu.

Lililetwa na mkunga mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa wakizaliwa, akiwemo mtoto wa pili wa Pasi mwenyewe. Mumewe alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, na sasa koti lake la sufu alitaka kumpa mkwewe, mume wa binti yake.

"Lisafishe vizuri, mwanangu," alimwambia Pasi. "Mzee alilipenda kuliko mimi."

Kwenye kimfuko kidogo cha ndani, kile ambacho watu wengi hawajui kama kipo, Pasi alikuta sarafu. Kwa thamani yake ya dukani ungenunua kiberiti kimoja. Lakini ilikuwa imegongwa vibaya kiwandani: kichwa cha mfalme kimeteleza hadi pembeni, nusu ya taji haipo, na upande wa pili umebaki mwezi mwandamo mtupu wa chuma. Makosa kama hayo ndiyo wakusanyaji huyaota. Pasi aliitazama kwa lenzi, pande zote mbili. Kisha akafungua droo, akatoa sarafu nyingine ya mwaka uleule, nzima, isiyo na kasoro, akaitia kwenye bahasha.

Mkunga alipokuja kuchukua koti aliifungua ile bahasha palepale kaunta. Akaitoa sarafu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii siyo," alisema.

"Siyo nini, mama?" mke wa Pasi akauliza.

"Sarafu ya mzee. Yake ilikuwa mbovu. Kichwa cha mfalme kimekwenda pembeni kama kinataka kutoka. Alikuwa akinitania kwamba hata mfalme ananikimbia."

Pasi alikuwa amesimama nyuma ya nguo zilizotundikwa. Alisikia kila neno. Ilitosha kusema: samahani mama, nimechanganya bahasha. Yangekwisha hapo, tena kwa kicheko. Lakini alikuwa ameshaionyesha sarafu ile kwa Mpima, ameshasifiwa, na ulimi wake ulikwenda upande mwingine.

"Iliyokuwemo ndiyo hiyo, mama," alisema bila kujitokeza.

"Na huyu mume wangu, mama," mkewe akaongeza, "hata kifungo cha mtu hakipotei mikononi mwake. Muulize yeyote."

Mkunga aliishika ile sarafu nzima kwa muda. "Basi ni mimi," alisema taratibu. "Nisameheni, wanangu. Tangu mzee aondoke kichwa changu hakitulii."

Akaondoka na koti mkononi. Mke wa Pasi akatikisa kichwa kwa huruma. Pasi akarudi kwenye meza ya pasi akanyoosha shati lilelile mara tatu.

Hakuifurahia sarafu ile hata siku moja. Kila alipofungua albamu macho yake yaliikwepa. Baada ya wiki tano akampa Mpima kwa kubadilishana na sarafu nyingine tatu, akidhani ikitoka nyumbani itatoka na moyoni. Haikutoka. Ndipo likaja jambo ambalo hata yeye alilielewa baadaye sana: alianza kununua. Alinunua kwa wafanyabiashara, alinunua kwenye minada, na kila alichonunua alidai risiti, akaibandika kwenye albamu chini ya sarafu yake. Alitaka kufungua kurasa na kuona vitu vyake halali. Kumbe hata risiti mia zisingeifunika ile moja.

Mwisho wa mwaka Mpima alikuja na karatasi. Alipenda takwimu, ugonjwa wa kazi yake ya zamani. "Kila mmoja aniambie," alisema, "unatumia zaidi au pungufu kuliko miaka mitano iliyopita, na kwa nini."

Fundi wa meno alisema amepunguza, ana watoto wawili chuoni. Mwalimu mstaafu alisema ameongeza, kwa kuwa watoto wake wameondoka na nyumba imekuwa kimya. Mwanamke pekee wa chama, mwenye duka la miwani, alisema ameshapata zote alizozitaka, na zilizobaki hata akiuza duka hazifikii. Mzee mmoja alisema macho yake hayatofautishi tena ya kweli na ya bandia, na anaogopa kuchekwa.

"Pasi?"

"Nimezidisha."

"Mara mbili?"

"Mara sita."

Watu wakapiga miluzi. "Sababu?"

"Nimezipenda zaidi."

Mpima akaandika: mapenzi yameongezeka. Wenzake wakampiga mgongoni, wakamwita bingwa, na masikio yake yakawaka moto kama aliyezabwa kofi.

Wiki chache baadaye mkewe alirudi dukani kutoka kumjulia hali mkunga, akavua viatu.

"Vipi mama?" Pasi akauliza.

"Si yule unayemjua. Binti yake amemhamishia chumba cha nyuma. Funguo amenyang'anywa, jiko haruhusiwi kuliwasha. Wanasema anasahau."

"Anasahau nini?"

"Ilianza na ile sarafu, si unakumbuka? Aliing'ang'ania sana hiyo habari nyumbani, mara sarafu ilikuwa mbovu, mara wamembadilishia, mpaka bintiye akampeleka hospitali. Daktari akasema ni umri, wamwangalie. Sasa anatembea na daftari. Aliponiuliza habari za mtoto wetu alilifungua kwanza aone jina, asije akakosea." Mkewe alifuta jicho kwa kiganja. "Mtoto aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe."

Harufu ya kuungua ndiyo iliyowashtua wote wawili. Pasi alikuwa ameiacha pasi juu ya blauzi ya mteja.

Kesho yake alikwenda kwa Mpima na albamu yote kwapani.

"Ninaitaka ile iliyogongwa vibaya," alisema. "Chukua hizi."

Mpima alifungua kurasa, akainua nyusi. "Hizi zote? Hata hupunguzi?"

"Sipunguzi."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama anayepima kiwanja. "Ile hukuinunua, siyo?"

Pasi aliifunga albamu, akaisukuma mbele yake. Mpima alifungua kabati, akamwekea sarafu mezani, na albamu akaivuta upande wake. "Na Jumamosi," alisema, "usije kwanza."

Kutoka hapo Pasi alikwenda moja kwa moja kwa mkunga. Alimkuta sebuleni na bintiye, daftari pajani. Hakukaa alipokaribishwa. Aliiweka sarafu juu ya daftari, akasema yote akiwa amesimama, macho yake yakiwa kwenye zulia: koti, kimfuko, droo, na uongo aliousema nyuma ya nguo za watu.

Mkunga aliichukua sarafu, akapitisha kidole gumba pembeni, pale nusu ya taji ilipokosekana.

"Kwa hiyo kichwa changu kizima," alisema.

"Kizima, mama."

"Umesikia?" alimgeukia bintiye. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Hebu rudia, mwanangu. Polepole."

Pasi akarudia. Kisha mkunga akaomba simu, akampigia kaka yake aliyekuwa mji mwingine, akaiweka sauti juu. "Mwambie na huyu. Ndiye aliyesema nipelekwe kwa wazee wenzangu nikatunzwe." Pasi akamwambia. Akaitwa jirani wa ukuta mmoja, aliyewahi kukuta sufuria imeungua akaitangaza mtaa mzima. Pasi akamwambia na yeye, na jirani akasema, "Wewe? Wewe Pasi?" mara tatu, kama aliyeona jini. Kila mara maneno yalikuwa yaleyale, na kila mara yalizidi uzito.

"Bado mmoja," mkunga alisema. Akavaa viatu vya kutokea, akamshika Pasi kiwiko, wakatembea mtaani wakati wa watu kutoka kazini, yeye akisalimia kila mtu kwa jina, bila daftari.

Mke wa Pasi aliwaona wakiingia, akatabasamu. "Mama! Karibu, karibu!"

"Asante. Mumeo ana neno. Wewe ulimdhamini, ni haki yako kulisikia."

Hapo ndipo sauti ilipomkatika Pasi. Kwa wale wengine alikuwa amezungumza; kwa mkewe alitoa maneno moja moja, kama mtu anayetema mawe. Alipomaliza, mkewe alizunguka kaunta, akapiga magoti mbele ya mkunga, akasema, "Mama, nilikufanya mwongo hapahapa kaunta."

"Inuka," mkunga alimwambia. "Wewe hukujua."

Mke wa Pasi hakumwambia mumewe neno siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu alipanga upya kazi za duka: kukagua mifuko akajichukulia yeye, Pasi akabaki na mashine na pasi. Hakutoa maelezo na Pasi hakuyaomba. Habari zilienea, kama ilivyotarajiwa. Wateja wengine walihama; wengi walibaki kwa kuwa mashati yao yalitoka safi. Waliobaki walikuwa wapole kwake, na upole ule ulimuumiza zaidi.

Hakununua sarafu tena. Mpima alimtumia salamu baada ya miezi minane kwamba anaweza kurudi, akashukuru, hakurudi.

Kilichomshangaza ni binti wa mkunga. Alikuja dukani asubuhi moja mke wa Pasi akiwa ametoka, akiwa na mashati mawili ya mumewe.

"Mama amerudi chumba chake," alisema. "Anapika. Anatusumbua sana." Akajaribu kucheka.

"Nashukuru kusikia," Pasi akasema, akiyapokea mashati. "Dada, mimi sijui niseme nini tena."

"Usiseme." Binti alikuwa akiangalia kaunta. "Wewe ulisema uongo mara moja. Mimi niliuamini bila hata kuuliza. Mama yangu alinililia kwamba anakumbuka, nami nikamfungia jiko. Nadhani nilishakuwa tayari. Nilikuwa nimechoka naye, nikapata sababu."

Pasi aliyakunja yale mashati mawili. Walisimama hivyo, kaunta katikati, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake, mpaka mashine ya nyuma ikamaliza mzunguko wake na kutulia.

"Lini?" binti akauliza.

"Alhamisi," alisema Pasi, akamwandikia namba.