Njooheri

Shuleni kwetu Manga, ukiteleza ukasema Ekegusii, lugha ya nyumbani, ulivishwa kibao shingoni, ukakaa nacho hadi mwingine ateleze. Dada yangu alikivaa mpaka tukadhani ni chake. Basi tukawa tunajizoeza Kiswahili tukichuma majani chai, yeye mstari wake na mimi wangu, na maneno yakitupungukia tunayatunga. Kama kuna kufunga na kufungua, mbona kuna kupika na hakuna kupikua? Kupikua ilikuwa kuurudisha ugali uwe unga. Kunyeshua, mvua ipande ilikotoka. Na kwa vile kwaheri ni ya anayeondoka, tukamtungia anayekuja njooheri yake. Dada akiniona napanda kutoka kisimani, ananipigia njooheri kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili.

Bibi alipoelezewa kuzeekua, aliweka jembe chini akasema basi tumzeekue leo hii, maana yule kijana wa Nyaramba aliyemposa dada anamfaa yeye zaidi. Tulicheka hadi chai ikatumwagika kutoka kikapuni.

Kwetu bibi ana ruhusa ya kutania hivyo. Baba hana. Kati ya mzazi na mtoto kuna haya, sisi twaiita chinsoni, na mambo ya ndoa ndiyo hayagusiki kabisa. Baba alikuwa akipeleka ndizi mjini Kisii, kwa hiyo Kiswahili alikijua, na mchezo wetu aliusikia. Alitukemea kwamba lugha ya watu haikorogwi kama uji. Tukaendelea kwa kunong'ona.

Tangu posa iletwe, baba hakumsemesha dada hata juu ya chumvi. Akitaka kitu, ananituma mimi. Dada akaanza kukonda. Aliniambia kuolewa anataka, ila hawezi kuondoka bila kujua kama baba amefurahi au amemchoka. Nikamwambia ndiyo desturi. Akanijibu kwamba desturi haimfuti mtu machozi. Nilimkasirikia baba, jamani, nilimkasirikia sana, ila moyoni tu, maana ningemwambia nini mzee yule?

Siku ya harusi tulitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye sahani. Tulikula, tukaimba, shangazi wakacheza mpaka vitambaa vikawadondoka. Kisha gari la kumchukua dada likawashwa. Baba alikuwa amesimama kando ya migomba, kofia mkononi, na dada alikuwa akimtazama yeye tu.

Akaja. Hakuna aliyetarajia. Alifika dirishani, macho kwenye gurudumu, akakohoa.

"Njooheri, mama," akasema.

Mama, ndivyo alivyomwita dada alipokuwa mdogo. Na neno lenyewe, nani angemlaumu? Hakuna mzee aliyewahi kulikataza, halikuwepo.

Dada alicheka na kulia kwa pamoja, shela ikamwangukia magotini. Gari lilipoteremka kilimani, mkono wake ulikuwa bado nje unapunga.

Mama yetu hakuwa na Kiswahili. Alinivuta kando akaniuliza mumewe amesema nini pale.

"Amemwambia nyumbani ni kwao," nikamjibu, "aje wakati wowote."

Mama alimtazama baba, aliyekuwa ameshaanza kukusanya viti ambavyo hakuna aliyemtuma akusanye. Kisha akaniomba nimfundishe lile neno.