Mfuko wa Nsansa Uliobaki Barabarani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niume nta. Nilikuwa nimetoka kwetu Itetemia kwa miguu, nimevaa shati langu la kanisani, nikafika kwenye ghala la kampuni ya nta pale Kanyenye, mjini Tabora, nikidhani nitapewa mzigo nibebe. Babu yangu alikuwa mpagazi wa njia ya Ujiji, na mimi shule niliiachia darasa la pili, kwa hiyo sikutegemea kazi nyingine ila ya bega. Msimamizi wa ghala, Bwana Nasoro, akanikatia kipande cha nta.

“Uma,” akasema.

Nikauma. Akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia mchanga.

“Basi hiyo haikuchujwa. Mwambie aliyeileta akaichemshe upya. Ukinipokelea nta yenye mchanga, utaila wewe.”

Hiyo ndiyo shule yangu. Nyinyi vijana mnaiona nta ikiwa mshumaa altareni, hamjui ilikotoka. Wakati ule wa Mwingereza nta ya Unyamwezi ilipakiwa kwenye treni kwa magunia ikaenda pwani, na nyuma ya kila gunia kulikuwa na mtu aliyetoka porini amevimba uso kwa kuumwa na nyuki. Mrina asali anapanda mti na kienge cha moshi, anafungua mzinga wa gome, anakata masega. Asali ikishakamuliwa, masega yanatiwa kwenye pipa la maji juu ya moto. Nta inaelea, uchafu unazama. Unaimimina kwenye gunia, mnalikamua watu wawili kwa miti, na kinachotoka unakiacha kwenye karai kipoe taratibu. Moto ukizidi, nta inaungua na kuwa nyeusi. Ikipoa upesi, inapasuka. Kazi yote ni moto wa kadiri. Bwana Nasoro alinifundisha hilo kwa matusi, lakini alinifundisha, na yeye simlaumu kwa lolote.

Kutoka ghalani nilipelekwa Isikizya, kwenye mapipa ya kuchemshia. Kutoka huko nikapelekwa kambi za porini, upande wa mto Ugalla, kukagua nta kabla haijapakiwa. Huko ndiko nilikokutana na Mhoja Lugendo. Alikuwa nyapara wa kambi, mtu mzima kwangu, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha ndege. Namtaja kwa jina lake lote, na mtaona kwa nini.

Msimu wangu wa pili porini nilimwambia Mhoja kwamba kamba za kupandia mitini zimechakaa. Akanijibu kwamba babu zetu walipanda bila kamba. Watu walipopungua nikapanda na mimi; kamba ikakatika, nikaanguka, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Hospitalini nikafungwa plasta, nikalazwa siku nyingi bila kugeuka. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umevimba kama mzinga, unauma hata kwa kuguswa na shuka. Halafu siku moja nikivuta pumzi nikasikia kisu kifuani.

Daktari wa wodi alikuwa Mhindi, mtu wa maneno machache, Kiswahili chake kizuri. Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia nta.

“Basi utanielewa,” akasema. “Damu yako imeganda ndani ya mshipa wa mguu, kama nta kwenye karai. Kipande kimemeguka kikapanda mpaka kwenye pafu. Kingine kikimeguka, unaweza kufa. Nitakupa dawa ya kuzuia damu isigande hovyo. Ukimeza kidogo mno, inaganda tena. Ukimeza nyingi mno, unavuja kama gunia lililotoboka. Tunatafuta nini?”

“Kadiri,” nikasema.

Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka.

Nilianza kwa sindano, kisha vidonge. Kila baada ya muda alinitoa damu, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akakiinamisha huku anatazama saa, aone inachukua muda gani kushikana. Kwa kipimo hicho ndipo alipoongeza au kupunguza kidonge. Na kabla ya kuniruhusu nirudi nyumbani alimwita mke wangu, Magdalena, akatuketisha wote wawili, akatupa masharti. Kidonge kimezwe saa ile ile kila siku. Ukisahau leo, kesho usimeze viwili kufidia. Usiguse vile vidonge vyeupe vya maumivu ya kichwa vinavyouzwa madukani, maana navyo vinaifanya damu ichelewe kukatika. Pombe uache. Usimeze mizizi ya mganga bila kuniambia. Usichanjwe kwa wembe, usiumikwe kwa pembe. Fizi zikitoa damu, au mkojo ukiwa mwekundu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje, njoo. Na kila mtu atakayetaka kukutibu, awe daktari au mganga au mkunga au mng’oa meno, mwambie kwanza kwamba unameza dawa hii.

Magdalena akauliza kuhusu chakula. Daktari akamwuliza tunakula nini. Akamwambia ugali na mboga: kisamvu, majani ya kunde, matembele, na kiangazi nsansa, yaani yale majani ya kunde yaliyoanikwa juani tukayaweka akiba.

“Kila siku?”

“Kila siku, daktari. Nyama tunaiona Krismasi.”

“Basi mwendelee vivyo hivyo. Majani yanasaidia damu kuganda, na kidonge chake nimekipima kikiwa pamoja na majani hayo. Ukimzidishia ghafla, dawa inashindwa. Ukimnyima ghafla, dawa inamshinda yeye. Mlishe kama jana.”

Kama jana. Neno hilo Magdalena alilibeba kama katekisimu.

Kiangazi kilipofika, meneja wa kampuni aliniita. Alikuwa Mzungu mwenye haraka, hakuniambia nikae. Akasema msimu umeanza, anataka mkaguzi porini, kama mguu wangu hauwezi yupo mwingine anayeweza. Nilikuwa na watoto watatu. Nikaenda kwa daktari kumwuliza. Hakupenda, ila akasema nikienda nisipande mti, nichukue mboga zangu, na kila mwezi nirudi kupimwa damu. Meneja akakubali: lori linalokuja kuchukua nta litanirudisha. Mhoja alikuwepo, akaitikia, “Ndiyo, Bwana.” Nilimsikia kwa masikio yangu.

Magdalena alinishonea mfuko wa kitambaa cha amerikani, akaujaza nsansa kwa kushindilia. Aliniambia, “Baba Tabu, konzi moja kila jioni. Usiwagawie wenzako ukajifanya mkarimu.”

Lori lilituchukua kwa ile njia ya zamani ya misafara, ile aliyopita babu yangu na pembe za ndovu begani. Tulipokwisha kupita mashamba ya mwisho, Mhoja akaanza kupanga mizigo upya. Akaushika mfuko wangu.

“Nini hii?”

“Nsansa, mzee. Ni sharti la hospitali.”

“Kambini kuna nyama na asali, wewe unakuja na majani ya wanawake? Mkeo amekutuma kunyonyesha nini huko?”

Watu wakacheka. Nikamweleza, mbele ya wote, kwamba dawa yangu imepimwa pamoja na mboga hizo. Nilieleza vizuri, kama daktari alivyoeleza. Akasema dawa isiyojua kukaa tumboni bila majani si dawa. Akautupa. Nilipiga paa la lori kwa ngumi, dereva hakusimama. Nikauona mfuko ule mweupe umekaa katikati ya njia, unazidi kuwa mdogo, mpaka vumbi likaufunika.

Jamani, chakula cha kambi ya asali ni hicho hicho siku zote. Ugali kwa asali, ugali kwa nyama ya kukausha. Kiangazi kile porini hakukuwa na jani la kuliwa, nami nililitafuta. Nilifika hadi kwenye madimbwi ya mto nikichungulia kama mbuzi. Kidonge nilimeza saa yangu ile ile. Mwezi ulipotimia lori likaja. Mhoja akasema nafasi imejaa nta. Likaja tena. Akasema vivyo hivyo, na mahali pangu, kando ya dereva, pakakaa magunia mawili. Nilipomkumbusha ahadi yake kwa meneja, akaniambia meneja analipwa kwa nta, si kwa damu yangu.

Kisha asubuhi moja mswaki wangu wa mti ukatoka mwekundu. Nikaona na mabaka ya zambarau mapajani, mahali ambapo sikujigonga. Nikajua dawa imenizidi. Nikaacha kidonge siku hiyo, nikaenda kumwambia Mhoja kwamba natakiwa hospitali, kwa lori au kwa miguu. Akasema fizi za kila mrina asali hutoa damu, ni utamu. Mguu nao ulikuwa unauma kwa kutembea, nikawa nachechemea. Akatoa mfukoni vidonge vyeupe vya kichwa. Nikakataa, nikamweleza sababu. Basi akasema kama sitaki dawa ya dukani, damu chafu ya mguu itatolewa kikwetu. Alikuwa na pembe ya kuumikia aliyojivunia.

“Usiniumike, mzee,” nikamwambia. “Damu yangu haitakatika. Nakuambia mbele ya watu hawa.”

“Mshikeni huyu bibi harusi,” akasema.

Walinishika wanne, wakicheka, kama mnavyomshika mtoto anayeogopa sindano. Mhoja akanichanja wembe kwenye shavu la mguu ule mara nne, akaweka pembe, akafyonza. Pembe ilijaa. Akaitoa, damu ikaendelea. Akaweka jivu, damu ikaendelea. Jua lilikuwa halijapanda sana. Lilipofika utosini damu ilikuwa bado inakuja, haina haraka, kama nta iliyopata moto. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Mhoja alikaa pembeni akashika kichwa, akawa anasema ni uchawi wa hospitali.

Nikaona huyu ataniua kwa mshangao wake. Nikawaambia wale wanne, “Kunjeni shuka, wekeni hapo, kandamizeni kwa kiganja. Msifungue kuangalia. Anayechoka ampishe mwenzake, mkono usiondoke. Ninyanyueni mguu juu kuliko moyo. Na wengine wakate mti wa machela.”

Mmoja, Sungwa, aliyenishika bega la kulia wakati wa kuchanjwa, akauliza kwa sauti ndogo, “Tukupeleke wapi?”

“Stesheni. Babu zenu walibeba pembe za ndovu njia hii hii. Mimi ni mwepesi kuliko pembe.”

Wakanibeba kwa turubai lililofungwa kwenye mti, wawili mbele, wawili nyuma, mmoja kando ameshikilia shuka. Mhoja aliwaambia atakayeondoka atafutwa kazi. Sungwa hakugeuka. Waliimba kidogo mwanzoni, kisha wakanyamaza ili waokoe pumzi, wakawa wanabadilishana mabega bila kunitua chini. Mimi kazi yangu ilikuwa moja: kutolala. Kila nilipotaka kuzimia nilijiuliza saa ya kidonge, nikajijibu kwamba leo hakimezwi. Nilikuwa nimeamua kwamba sitafia mikononi mwa Mhoja. Kama ningekufa, ningefia mbele ya daktari, baada ya kumwambia.

Treni ikanifikisha Tabora. Nilimwambia daktari nilichomeza, nilichokosa kula, na nilichofanyiwa, ndipo nikazimia. Alinichoma sindano ya kuirudisha damu katika kuganda, akaniongezea damu ya shemeji yangu. Magdalena alipokuja, hakulia. Aliuliza, “Mfuko uko wapi?”

Kampuni ilinipunguza kazini mwezi uliofuata. Meneja alisema nimeacha kituo bila ruhusa. Sungwa na wenzake wakafukuzwa pamoja nami. Mhoja alibaki nyapara mpaka alipozeeka. Hayo ndiyo malipo yalivyogawanywa. Damu ya mguu wangu iliganda tena baadaye, kwa hiyo dawa ile nikairudia, kwa kipimo kidogo zaidi, na ninaimeza mpaka leo. Nimekula mboga zangu kama jana kwa miaka mingi, nikienda safari nabeba nsansa begani mwenyewe, siuweki mfuko mikononi mwa mtu.

Mwaka jana Mhoja alikuja kwangu Itetemia, ana fimbo, na sukari kwenye karatasi. Nilimpa shikamoo, kwa kuwa umri ni umri, akaitikia marahaba. Magdalena akamletea kigoda. Alizunguka sana kwa habari za mvua, mwisho akasema lililomleta: wajukuu zake wananisikia sokoni nikimtaja. Amekuwa mzee wa kanisa sasa. Akaniomba, kwa jina la Mungu, hadithi niseme, lakini jina niliache.

“Mzee,” nikamwambia, “sikuchukii kiasi cha kukutafuta. Lakini daktari alinipa sharti: kila anayetaka kunigusa nimwambie nameza dawa hii. Nikimwambia asiniumike, huuliza kwani kuna nini. Nikimjibu, wewe umo. Nikikutoa, sharti linakuwa maneno matupu, naye atachukua wembe.”

Akaiegemeza fimbo yake ukutani. Kisha akasema, “Basi nitaje, ila sema pia kwamba nilikuja.”

Nimekutaja, Mhoja Lugendo. Ulikuja. Sukari tuliipokea. Jioni ile Magdalena alipakua ugali na nsansa, akakuwekea na wewe, ukala ukamaliza sahani, na saa yangu ilipofika nikameza kidonge mbele yako.