Kodi Kwanza

Kiprugut arap Koros alikuwa mkamaji katika shamba la mzungu mmoja kule Njoro, mtu mnyoofu kupita kiasi, na unyoofu wenyewe ndio uliomponza. Hakula cha mtu bila kulipa. Wenzake walimtania kwamba hata maji ya mto angeyalipia, kama angempata mwenyewe.

Mwaka wa 1958 ilipoletwa kodi mpya, kila mtu kwa kadiri ya mshahara wake, bwana shauri, ofisa wa serikali wa wilaya, aliitisha baraza shambani.

"Hii pesa haiendi mfukoni ya mtu," alisema. "Ndiyo inajenga barabara na shule. Ndiyo inanunua dawa na vitanda vya hospitali huko Nakuru."

Wengi waliguna. Kiprugut aliamini kila neno, tena akalielewa kwa namna yake: asiyelipa hana kitanda. Angeelewaje vingine, maskini? Barabarani askari aliuliza risiti ya kodi. Ukitafuta kazi shamba jingine, risiti kwanza.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, wa baridi kali, binti yake Chemutai wa miaka minne alishikwa na kifua. Chepkorir, mkewe, alitaka waondoke siku ile ile.

"Baba Chemutai, twende tu. Tutawaomba."

"Tuombe nini na sijalipa? Watatufukuza. Ngoja mshahara Alhamisi."

Siku tatu mtoto alihema kwa shida, na Kiprugut alikama ng'ombe huku machozi yakimtoka. Alhamisi alipokea mshahara, akapanga foleni kwa karani, akalipa kodi yote. Ndipo wakapanda lori la maziwa. Walipofika Nakuru, Chemutai alikuwa amekwisha kukata roho mgongoni mwa mama yake.

Kiprugut alimpa dresa, mhudumu aliyepokea wagonjwa, risiti kwa mikono miwili. Dresa hakuipokea.

"Mzee, hapa mtoto haulizwi risiti," alisema polepole. "Mngemleta Jumatatu."

Chepkorir hakumlaumu mumewe, siku ile wala baadaye. Afadhali angemlaumu.

Baraza lililofuata, bwana shauri alieleza tena kazi za kodi: barabara, shule, vitanda. Kiprugut, ambaye hakuwahi kufungua kinywa barazani, alisimama akavua kofia.

"Bwana, hayo tulisikia, na mimi nimelipa. Sasa waambie hawa watu mtoto haulizwi risiti. Mimi hakuna mtu aliniambia."