Herufi Mbili za Kaka

Wifi yangu ni fundi wa televisheni, na watu wamemtania mpaka wamechoka: eti wifi mwenye mtandao. Hajali. Kaka yangu alipopigwa na kiharusi akapoteza sauti, yeye ndiye aliyemfungia nyuma ya televisheni kompyuta ndogo isiyo na kioo chake, inayoenea kiganjani. Kaka anachapa kwa kidole kimoja, macho kwenye vitufe, na maneno yanatokea kwenye kioo, makubwa makubwa. Hivyo ndivyo anavyoongea nasi.

Juzi televisheni ilikufa. Wifi akaleta nyingine kutoka karakana, akaiunganisha na ile kompyuta, picha ikatokea. Akaridhika, akaenda kuoga. Hajamaliza, binti yao akaingia na begi. Alikuwa ameacha kazi aliyotafutiwa na baba yake, anahamia mbali, na gari linamsubiri nje. Hakutaka kuondoka bila radhi ya baba.

"Baba, umenikasirikia?"

Kaka akachapa. Kwenye kioo pakatokea: "na hasira nawe."

Mtoto akaganda. Mimi nikawaka. "Ndivyo unavyomuaga mwanao? Una roho gani wewe?"

Kaka akatikisa kichwa, akachapa tena. Yaleyale. Akapiga meza kwa kiganja.

"Mwache tu, shangazi," binti akaniambia, akabeba begi huku machozi yanamtoka.

"Hebu subiri!" Wifi alikuwa mlangoni, nywele zinachuruzika maji. "Mbona saa ya pale pembeni mwa kioo haionekani?"

Akachomoa waya, akaurudisha. Akazima, akawasha. Wapi! Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Picha imezidi kioo," akasema. "Televisheni hii inaivuta, kingo zote zinaliwa."

Akachukua rimoti, akachokonoa mipangilio ya picha mpaka akapata pa kuizuia isivutwe. Picha ikanywea, na kutoka kushoto zikaingia herufi mbili.

"Sina hasira nawe."

Jamani! Kumbe sote tulisoma "nina" bila hata kuulizana. Binti aliangusha begi, akamkumbatia baba yake shingoni, wanalia wote wawili. Nje dereva anapiga honi, apige tu.

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kaka akajifuta uso, akachapa polepole:

"Nina hasira na shangazi yako."

Wifi akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, nisije nikasingizia kioo.