Dakika Ishirini za Gizella

Dada yangu Gizella alivunjika nyonga akichuma zabibu, mwaka aliotimiza sabini. Mfupa uliunga, mguu ukagoma. Alikaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Mwanawe Lóránt alikuja kutoka Budapest akasema wazi: asiyepanda ngazi ataenda makao ya wazee.

Daktari akamwandikia tiba ya maji, wiki tatu, katika bwawa la maji moto la mji wetu. Mimi ndiye niliyetunza makabati pale na kupiga kengele ya kuwatoa watu majini. Nilipiga miaka thelathini na moja, na saa yangu haikukosea hata siku moja.

Kinga, binti wa mazoezi ya viungo, alimwonyesha ngazi tano za kutokea bwawani. "Siku ya mwisho, shangazi, upande hizi bila kushika chuma. Ukiweza, naandika urudi kwako."

Ndani ya maji Gizella alitembea vizuri mno. Wazee waliokuwa wakicheza sataranji, maji kifuani, wakamchokoza.

"Gizella, tukuletee mpiga fidla ucheze?"

"Mwombee mfalme wako kwanza, Ödön. Kashazingirwa."

Sheria ni dakika ishirini. Maji yale yanachosha moyo na kulegeza miguu. Lakini sisi wazaliwa wa pale tulijiona tofauti.

"Kengele ni ya watalii wa Kijerumani," Gizella aliniambia. "Mimi nimelelewa humu. Niache nizidishe, nipone upesi."

Nikamwacha. Nilipiga kengele, wageni wakatoka, yeye akabaki nyuma ya wazee wa sataranji saa nzima. Kila siku. Kinga alikuwa keshaenda bwawa la pili.

"Shangazi, mbona unatetemeka?" alimwuliza siku moja.

"Baridi ya huko nje, mwanangu."

Mimi nilikuwa nakunja mataulo. Nikachukua taulo jingine.

Siku ya mwisho Lóránt alisimama ukingoni na koti lake. Gizella akapanda ngazi ya kwanza, ya pili. Ya tatu maji yalikuwa magotini. Ya nne alitoka nje ya maji, uzito wake wote ukamrudia. Akaketi hapo hapo, polepole, kama mtu anayengoja basi.

"Alikuwa anakaa majini muda gani?" Kinga aliniuliza.

"Saa nzima."

Hakunigombeza. Aliandika, akampa Lóránt karatasi.

Nilimpeleka Gizella kabatini, nikamvisha soksi. Ufunguo wake ulikuwa namba arobaini na mbili. Niliutundika mahali pake.

Aliishi makaoni miaka sita. Kila Alhamisi nilimpelekea keki ya mbegu za mpopi. Jambo lile alilitaja mara moja tu.

"Kengele ilikuwa yako, Etelka."

"Ilikuwa yangu."

"Haya, nikatie kipande kingine."

Nikamkatia. Kesho yake nilikuwa kazini saa moja asubuhi. Dakika ya ishirini nilipiga kengele, na Ödön na wenzake nikawatoa na sataranji yao.