Kiingereza Alichojifunza kwa Mikono

Felisian Masatu hana cheti cha shule. Hana kamusi. Hana taa ya karabai, na hana hata ndugu mmoja kwao Kibara wa kumuuliza neno la Kiingereza. Alichonacho ni kazi ya kupaka mashine grisi katika kinu cha pamba hapa Bunda, na mikono inayosema.

Saa moja asubuhi mikanda inazunguka, na nyuzi za pamba zimemtanda hadi kwenye nyusi. Ndani ya kinu hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo watu wanaongea kwa ishara. Kiganja kikishuka taratibu, punguza mwendo. Ngumi ikiinuliwa juu ya kichwa, zima.

Ishara hizo ndizo zilizomfungulia Kiingereza. Mwaka 1971, dada wa mkewe, Mwalimu Lukresia wa kisomo cha watu wazima, alimkuta amekata tamaa. "Turn on" ni kuwasha, "turn off" ni kuzima, "turn round" ni kugeuka. Kichwani mwake yote yalikuwa uji.

"Nilikuwaga naona Waingereza wametutega," anasema. "Neno lile lile, mkia tu unabadilika."

"Shemeji, kinuni unachanganyaga ishara?" Lukresia alimuuliza.

"Nikichanganya, mtu anapoteza mkono."

"Basi kila neno lipe ishara yake."

Akasoma hivyo, mdomo na mkono pamoja. "Slow down," na kiganja kinashuka. Majirani wakadhani anajifunza ngoma.

Mwaka jana, 1973, aliitwa Musoma kusailiwa kwa ajili ya mafunzo ya ufundi wa injini. Aliulizwa kwa Kiingereza atafanya nini mkanda ukipata moto. Felisian alijua. Akashusha kiganja, akainua ngumi juu ya kichwa. Mdomoni halikutoka neno. Wasaili walisubiri, kisha wakamwita mwingine.

"Kwa watu wa kinu nilikuwa nimejibu yote," anasema akicheka.

Lakini mafunzo hayo hayapokei mtu aliyetimiza miaka thelathini na mitano, naye anaitimiza Desemba. Nafasi ya mwaka huu ndiyo ya mwisho kwake.

Lukresia hakumlaumu. Alimrudisha darasani, safari hii Felisian akiwa ameikalia mikono yake. Mlinzi alikuwa mkewe, Dafroza, aliyesikiliza huku akichambua dagaa.

"Baba Boke, naona kidole," alikuwa akisema, na somo linaanza upya.

"Nawashukuru hawa wawili kuliko ninavyoweza kusema, kwa lugha yoyote," anasema Felisian. "Wangeweza kuniacha na grisi yangu."

Barua ya maombi ameiandika mwenyewe kwa Kiingereza. Lukresia aliisoma mara mbili, akamrudishia. "Hapa sina cha kugusa, shemeji."

Akipata ufundi atarudi Bunda kuwafundisha wapaka grisi wenzake. "Kwanza ishara," anasema. "Halafu nitawakalisha juu ya mikono."

Wakati wa mapumziko anakwenda posta. Anafuta vidole kwa pamba, analamba gundi, anaifunga bahasha na kuisukuma dirishani.

"Ya kawaida au rejista?" karani anauliza.

Mikono ya Felisian iko nyuma ya mgongo, imeshikana. "Rejista, mama," anajibu kwa sauti ya mtu wa kinuni, na foleni nzima inageuka. Karani anagonga muhuri, barua inaingia kwenye gunia la Musoma.