Kitambaa Chekundu Kwenye Mpira wa Oili

Yule fundi cherehani haamini mtu, na wala hafichi. Suruali haitoki kwake bila kipande cha kitambaa chekundu kushonewa ndani ya mkanda, ati siku ikirudi na kasoro ajue kama ni kazi yake au anasingiziwa. Nyumbani kopo la sukari analiwekea alama ya kalamu. Mkewe alishachoka kumsema. Siku hizi anachota anachotaka, kisha anachora alama mpya chini ya ile ya zamani.

Sasa mtu kama huyo umwachie gari la marehemu babake, lenye injini ile ile liliyotoka nayo kiwandani! Tatizo la gari lilikuwa oili. Likipanda mlima mrefu, oili ilipata moto ikawa nyepesi kama maji, na taa nyekundu ikaanza kukonyeza. Kaka wa mkewe, makanika, alisema dawa ni rejeta ndogo ya kupoza oili, ifungwe mbele kabisa, na mipira miwili: mmoja wa kupeleka, mmoja wa kurudisha.

Fundi cherehani alinunua vyote mwenyewe, vipya. Kisha akaketi gerejini tangu asubuhi, macho hayabanduki. Alikuwa amesikia kwamba makanika hukufungia kikuukuu wakauza kipya chako, na shemeji ni mtu, si malaika. Kwa hiyo shemeji alipokwenda kunawa, fundi cherehani alichomoa kizibo cha mpira mmoja, akasukumia ndani kipande cha kitambaa chekundu kwa ncha ya mkasi. Kabla haujafungwa atauomba auchungulie. Kikikosekana, basi mwizi keshapatikana.

Mteja akapiga simu kuulizia zipu yake. Akatoka nje kubishana naye, na wateja wa zipu unawajua. Aliporudi, mipira yote miwili ilikuwa imeshakazwa, oili imeshamiminwa, na shemeji alikuwa anatia kitu mfukoni mwa ovaroli. Nini kile? Nati ya shaba, bila shaka. Roho ikamruka, ndipo akakumbuka kitambaa.

Shemeji aliingia kwenye gari, akashika ufunguo. "Niwashe?"

Fundi cherehani akapiga hesabu. Kitambaa kikiziba mpira, oili haipiti, na injini ya baba inakwisha kwa dakika chache. Akisema, atamwambia nini huyu mtu? Na mkewe je? Alijifanya anakagua tairi.

"Shemeji, niwashe?"

Akakohoa. Labda kitasukumwa na oili. Labda mpira wenyewe ulishabadilishwa, na hapo hakuna kitambaa wala nini! Ndiyo, hata wakati ule alikuwa bado anamwombea mwenzake awe mwizi.

"Nauliza mara ya mwisho. Niwashe?"

"Usiwashe," alisema. "Kuna kitambaa ndani ya mpira. Nimekitia mimi."

Shemeji hakushtuka. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande chekundu kilicholowa oili, akakiweka juu ya dashibodi. Mipira yote, alisema, huwa anaipuliza kabla ya kuifunga. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Na rangi ile anaijua, ipo ndani ya kila suruali yake.

"Nilitaka kuona utaniacha niue gari la mzee au utasema," alisema. "Mara mbili umeniacha."

Akawasha. Taa nyekundu ikazima papo hapo, na injini ikatulia vizuri kuliko miaka yote. Fundi cherehani alitamani ardhi ipasuke.

Kwa mkewe hakuna neno lililofika, shemeji hakusema. Wiki iliyofuata alikuja dukani na suruali ya kupunguzwa urefu. Kwa kawaida angeitupa mezani akaenda zake, aipitie jioni. Siku hiyo aligeuza mifuko ya suruali ile nje, mmoja baada ya mwingine, mbele ya wateja wawili. Kisha akavuta kigoda karibu na cherehani, akaketi, akawa anamtazama mikono mpaka uzi wa mwisho ukakatwa.